Ngozi Isiyo na Mnunuzi Karatu

Ng'ombe akichinjwa Karatu, nyama huenda buchani, utumbo na makongoro huenda kwa wapika supu. Ngozi ndiyo inayokosa pa kwenda. Zamani ilikuwa na watu wake: mchunaji mwenye mkono mwepesi asiyeitoboa, mwambaji aliyeikausha kivulini, mchuuzi aliyezungukia mabucha akikusanya mzigo wa kupeleka viwandani. Bei ilipoporomoka katikati ya miaka ya 2010, hao ndio waliotangulia kukosa kazi, na hakuna aliyewaandikia barua ya kuachishwa.

Raba, plastiki na ngozi bandia zimeteka soko la dunia. Hata kwetu, mchungaji wa Ngorongoro huvaa katambuga za tairi na shuka la dukani, na sketi za ngozi zilizotiwa shanga na wanawake wa Kiiraqw si vazi la kila siku tena.

Hata manyoya yameyumba: mwaka 2020 Denmark iliua mamilioni ya minki kwa hofu ya korona, na mnada mkubwa wa manyoya, Kopenhagen Fur, ambao ulikwishachoshwa na bei mbaya, ukatangaza kufunga shughuli zake. Minki hufugwa kwa ajili ya manyoya. Yakikosa soko, hafugwi. Ng'ombe huchinjwa kwa ajili ya nyama, hivyo ngozi hupatikana kila siku, awepo wa kuitaka asiwepo. Ndiyo maana inaweza kushuka bei hadi ikafukiwa shimoni.

Serikali ya Tanzania iliweka ushuru uliowahi kuwa asilimia 80 kwa ngozi ghafi inayouzwa nje ili kuvilinda viwanda vya ndani. Nia ilikuwa njema, lakini viwanda vilikuwa vichache, na maumivu yakamshukia mfugaji. Kisha ikaja kampeni ya mwaka 2017 ya kuwapiga mifugo chapa ya moto: kila kovu juu ya ngozi hupunguza daraja lake. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo kimepigwa marufuku, mfugaji hana shamba la kufidia hasara hiyo.

Kiwanda cha ngozi cha Karanga, Moshi, kilizinduliwa Oktoba 2020 kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Halmashauri ya Karatu iwakutanishe wachinjaji wake na viwanda kama hicho, wakubaliane bei kwa daraja kabla kisu hakijagusa mnyama. Mchunaji anayelipwa kwa ngozi safi hatakuwa na sababu ya kuifukia.