Simu ya Nyumbani na Usalama wa Mtoto: Namna ya Kumkinga na Picha za Ngono

Katika kaya nyingi za Manispaa ya Kigoma/Ujiji na za vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtoto hana simu yake mwenyewe. Hutumia ya mama, ya baba au ya kaka aliyemaliza shule. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kuwa suala la watoto kuona picha za ngono linazihusu familia zenye uwezo wa kuwanunulia watoto simu. Hali halisi ni tofauti. Picha hizo huweza kumfikia mtoto kupitia simu ya mtu mzima, na mtu mzima huyo asiwe na habari kwamba zimo. Makala hii inaeleza jinsi zinavyoingia, hatua ambazo mzazi au mlezi anaweza kuzichukua bila gharama, na mahali pa kupata msaada pale mtoto anapokuwa amekwisha kudhurika.

Jinsi picha zinavyoingia

Njia ya kwanza ni makundi ya WhatsApp. Simu nyingi huwa zimepangwa kuhifadhi zenyewe picha zinazotumwa katika kundi, na baadhi huhifadhi hata video. Mwanakikundi mmoja wa kundi la wauza dagaa au la waliosoma pamoja akituma picha chafu usiku, asubuhi picha hiyo huwa imo katika simu za wenzake. Mama anaweza asiifungue kabisa. Mtoto anayeomba simu ili atazame picha za arusi ya shangazi yake ataikuta humo humo, katikati ya picha za familia.

Njia ya pili ni memori kadi. Katika vibanda vya kuchaji simu na kuingiza nyimbo na filamu, fundi hunakili mafaili mengi kwa pamoja kutoka kompyuta moja, na mteja huondoka bila kukagua alichopewa. Njia hii haihitaji bando wala mtandao, nayo huzihusu hata simu ndogo za vitufe zinazocheza video.

Njia ya tatu ni mtandao wenyewe. Mtoto anayetafuta katuni au wimbo huweza kubonyeza tangazo au kiungo asichokijua, akafikishwa pasipomstahili.

Muda nao una nafasi yake. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa kuwa taa zao huvuta samaki vizuri zaidi mwezi usipokuwapo. Alfajiri akina mama huwa mwaloni Kibirizi au Katonga kupokea na kuanika. Saa hizo simu huachwa nyumbani kwa watoto ili wazazi waweze kupiga. Si kosa kuiacha. Kinachotakiwa ni iachwe ikiwa imeandaliwa.

Uzito wa jambo hili

Mtoto mdogo akutanapo na picha za ngono hushtuka, na mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kupigwa. Mtoto aliyekwisha kubalehe huweza kuamini kwamba ukatili anaouona ndio namna ya kawaida ya watu kutendeana. Zaidi ya hayo, watu wenye nia mbaya hutumia picha hizo kumzoesha mtoto: humtumia moja, humsihi atume yake, kisha humtisha kwamba wataisambaza asipotuma nyingine, asipotoa fedha au asipokubali kukutana nao.

Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulitoa taarifa yake kuhusu Tanzania mwaka 2022. Ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti, na kwamba angalau asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wamefanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono unaohusisha mtandao katika kipindi cha mwaka mmoja. Mara nyingi aliyewatendea alikuwa mtu wanayemfahamu. Kumwonya mtoto juu ya wageni peke yao, kwa hiyo, hakutoshi.

Hatua za kuchukua katika simu

Mzazi aanze na WhatsApp. Katika mipangilio ya gumzo kuna sehemu ya kuzuia picha na video zisionekane pamoja na picha nyingine za simu; na katika sehemu ya hifadhi na data kuna mahali pa kuzuia zisipakuliwe zenyewe. Kundi lenye mazoea ya kutuma picha chafu ni bora mtu ajitoe. Memori kadi ikaguliwe kabla simu haijashikwa na mtoto, na fundi aambiwe waziwazi kuwa simu hiyo hutumiwa na watoto.

Katika Google na YouTube upo mpangilio wa kuchuja maudhui ya watu wazima. Uwashwe katika kila simu ya nyumbani. Mtoto mwenye simu yake ya Android anaweza kuwekewa Family Link, programu isiyolipiwa inayomwezesha mzazi kuidhinisha programu anazopakua na kupanga saa za kutumia simu. Mzazi asiyefahamu mipangilio hiyo amwombe ndugu mtu mzima anayemwamini. Vichujio hivi hupunguza hatari, lakini haviimalizi.

Mazungumzo na mtoto

Kinga inayobaki hata pale mtoto anaposhika simu ya jirani ni mazungumzo. Mtoto aambiwe mapema, kwa maneno yanayolingana na umri wake, kwamba zipo picha zisizofaa. Kwamba akiziona aifunge simu na kumwambia mtu mzima. Na kwamba hataadhibiwa kwa kusema. Ahadi hiyo itimizwe. Mtoto aliyechapwa kwa kusema ukweli mara ya kwanza hatasema mara ya pili, hata atakapokuwa anatishwa. Pale ambapo mzazi anaona haya, bibi, shangazi au mjomba anayeheshimika anaweza kusaidia. Watoto wa kiume nao wafundishwe, kwa kuwa nao hulengwa na hutishwa.

Picha ya mtoto inaposambazwa

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 13, inakataza kuchapisha au kusambaza picha za ngono za mtoto kwa njia ya kompyuta, na simu imo. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Wapo watu wanaosambaza picha ya mtoto aliyedhalilishwa wakisema wanawaonya wazazi wenzao. Nia hiyo haimsaidii mtoto: kila anayeituma mbele humdhalilisha upya, na hujiingiza mwenyewe katika hatari ya kushtakiwa.

Mtoto anapotishwa, familia isilipe fedha, isijibizane na anayetisha, wala isifute ujumbe. Ihifadhi namba ya simu, jina la akaunti, tarehe na maneno ya vitisho, kisha iipeleke simu polisi kama ilivyo. Picha isinakiliwe wala isioneshwe majirani. Ipo pia huduma ya bure ya mtandaoni iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyonywa. Humwezesha aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 kuomba mitandao shiriki iiondoe, bila kutaja jina lake na bila picha yenyewe kutoka katika simu yake.

Mahali pa kupata msaada

Taarifa hupokelewa na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na na Afisa Ustawi wa Jamii. Mwenyekiti wa mtaa na Mtendaji wa Kata wanaweza kumwelekeza mwananchi, lakini si mamlaka ya kusuluhisha kesi ya namna hii. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Ikiwa mtoto ameumizwa kimwili, apelekwe mara moja katika kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita.

Familia kumalizana nyumbani kwa fedha au kwa kuogopa aibu humwacha mhusika huru kumtafuta mtoto mwingine katika mtaa huo huo. Aibu ya tendo hilo ni ya aliyelitenda, na mtoto ana haki ya kulisikia neno hilo kutoka kwa wazazi wake.