Kidonge Kabla ya Mbio

Katika maduka ya dawa ya Kibera na Kawangware, ibuprofeni na diklofenaki hununuliwa vidonge viwili vitatu bila karatasi ya daktari. Mkimbiaji anayejiandaa kwa Nairobi Marathon huku goti likimuuma huvimeza kabla ya kutoka, akiamini anajikinga. Nashikilia kwamba anajiondolea kinga. Dawa hizi huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, lakini kemikali hizo hizo hulinda utando wa tumbo na kuiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mtu aliyepumzika na kunywa maji ya kutosha huenda asione dhara. Akikimbia kwa saa tatu juani, damu huelekea kwenye misuli na ngozi, jasho humkausha, na figo hubaki zikizitegemea prostaglandini zisikose damu. Kidonge huziondolea tegemeo hilo saa ile ile. Na Kibera maji hununuliwa kwa mtungi. Anayeshinda kwenye mjengo kisha akakimbia jioni huanza akiwa tayari amekauka.

Ushahidi upo. Watafiti wa Stanford walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wakimbiaji 89 wa kilomita 80: kati ya 42 waliopewa ibuprofeni, 22 walionyesha dalili za figo kuumia, na kati ya 47 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 16. Idadi ni ndogo, na kukimbia mbali peke yake huzichosha figo, lakini mwelekeo unalingana na jinsi dawa inavyofanya kazi. Katika marathoni ya Bonn, Ujerumani, mwaka 2010, watatu waliotumia ibuprofeni walilazwa hospitalini figo zikiwa zimeshindwa kwa muda. Atasema mtu: kipato changu kiko mbioni, heri hatari kuliko kuachwa nyuma. Hoja hiyo ina uzito mtaani ambako zawadi ya mbio hulipa kodi ya nyumba, ila inadhani kidonge kinasaidia. Katika mbio za kilomita 160 za Western States, Marekani, waliotumia ibuprofeni hawakuumwa misuli kidogo kuliko wenzao, na damu yao ilionyesha uvimbe zaidi.

Basi tangawizi na manjano? Vinasaidia, kwa kiasi. Utafiti wa Georgia, Marekani, wa mwaka 2010 uliona gramu mbili za tangawizi kila siku kwa siku 11 zikipunguza maumivu ya misuli kwa takriban robo, nao ulipima misuli ya mkono, si miguu iliyokimbia marathoni. Manjano hufyonzwa vibaya mwilini, na pilipili manga huongeza ufyonzwaji wake. Omena ina mafuta ya omega-3, na ni chakula cha kila siku, jambo ninalolithamini kuliko kopo la vidonge vya lishe. Lakini "asili" si kibali: mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana kilichomo unaweza kuziumiza figo vilevile, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzidisha tangawizi. Ninachokitanguliza ni usingizi, maji, na kuongeza umbali polepole. Maumivu ya mfupa yanayozidi kila hatua yapelekwe kliniki, maana huenda mfupa umepata ufa. Na mkojo wa rangi ya kola baada ya mbio ni dharura ya siku hiyo hiyo.