Ujira wa Mwenye Kufunga Uzi: Hali ya Biashara ya Ufumaji Nchini Ufilipino

Mwaka 1856 aliwasili Iloilo, katika kisiwa cha Panay, Mwingereza aitwaye Nicholas Loney, naibu wa balozi mdogo wa dola yake na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, akaikuta nchi ambayo karibu kila nyumba ilikuwa na kitanda cha mfumi, na ambayo vitambaa vyake vya pamba, vya hariri na vya nyuzi za nanasi vilisifika hata ng'ambo ya bahari. Bandari ile ilikuwa imefunguliwa kwa biashara ya dunia mwaka mmoja tu nyuma. Loney akaingiza nguo za Manchester, zilizofumwa kwa mashine na kuuzwa kwa bei rahisi, na marikebu zilizozileta zikarudi zimesheheni sukari ya Negros, kisiwa cha jirani, ambako wengi wa jamaa waliokuwa wakiishi kwa kufuma walihamia wakawa vibarua wa mashamba ya miwa. Msomaji wa pwani yetu, anayejua jinsi merikani ilivyolitawala soko la Unguja katika karne ile ile, hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ufumaji ulidhoofika lakini haukufa, na katika miaka hii umepata heshima ambayo haujapata kuwa nayo tangu siku za Loney. Ila heshima haimlishi mtu, na kwa hiyo inafaa kuuliza, kwa insafu na bila kuudharau urithi wenyewe, ni nani hasa anayepata riziki katika biashara hii, na ni nani anayeibeba kwa mgongo wake pasipo malipo yanayomstahiki.

Tuanze na Kalibo, makao makuu ya jimbo la Aklan, kaskazini ya kisiwa kile kile cha Panay, maana huko ndiko ulikosalimika ufumaji wa piña, kitambaa cha nyuzi za majani ya nanasi. Mmea wenyewe si ule wa tunda tamu unaopandwa katika mashamba makubwa ya Mindanao kwa ajili ya viwanda vya makopo, bali ni aina ya zamani iliyoletwa na Wahispania, yenye tunda dogo na majani marefu yenye miiba. Jani hulazwa juu ya ubao, likaparwa kwa ukingo wa kipande cha sahani ya kauri iliyovunjika mpaka zitoke nyuzi za nje, nene na ngumu, ziitwazo bastos. Kisha huparwa tena, kwa upole zaidi, kwa kipande cha kifuu, na hapo ndipo zijitokezapo nyuzi za ndani, liniwan, nyembamba mno na zenye kung'aa. Huoshwa, hupigwa, huanikwa, huchanwa; na kwa kuwa uzi wa jani hauwezi kuupita urefu wa jani lenyewe, hapana budi kuziunganisha nyuzi hizo moja moja kwa fundo dogo la mkono, fundo baada ya fundo, maelfu kwa maelfu, kabla mfumaji hajaketi kitandani pake. Naye akisha kuketi, hata awe bingwa, huenda siku ikachwa asijamaliza mita moja.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hesabu. Bei anayolipa bwana arusi wa Manila kwa barong, lile shati refu la heshima livaliwalo nje ya suruali, hugawanywa baina ya mwenye duka, fundi wa kushona, mdarizi, ambaye aghalabu ni mtu wa mji wa Lumban katika jimbo la Laguna, mfumaji, mfunga nyuzi, mpara majani na mkulima. Na kila tunapoteremka katika silsila hiyo, ndivyo fungu linavyozidi kupungua, ilhali kazi ya walio chini ndiyo isiyoweza kuharakishwa. Kufunga nyuzi ni kazi ya nyumbani, ya wanawake zaidi, na hulipwa kwa uzito wa uzi. Na uzi wa nanasi, jamani, hauna uzito. Kijana wa Aklan anayo Boracay, kisiwa cha watalii kilichomo katika jimbo lake mwenyewe, na anayo Dubai, Doha na Riyadh, ambako Wafilipino wenzake wamejaa mahospitalini, mahotelini na majumbani mwa watu. Kumlaumu kwa kuliacha fundo ni dhuluma. Upungufu wa uzi ndio uliowafanya wafumaji wengi kutandika mtande wa hariri na kuiacha piña katika mshindio peke yake. Na Unesco ilipouandika ufumaji wa Aklan katika orodha yake ya turathi, Desemba 2023, ilitoa sifa ya haki, lakini sifa hiyo haikuongeza senti katika mizani ya mwenye kufunga nyuzi.

Dola ya Ufilipino haikukaa kimya. Rais Ramon Magsaysay alipovaa barong siku ya kuapishwa kwake, mwaka 1953, alilitoa vazi hilo katika daraja ya nguo za sikukuu akaliingiza katika mambo ya utawala. Na mwaka 2004 ikapitishwa sheria nambari 9242, inayotaka sare za watumishi wa serikali zishonwe kwa vitambaa vya nyuzi za asili za nchi. Ni sheria njema, na nchi nyingi zingefaa kuiiga. Lakini haikushurutisha kitanda cha mkono. Kitambaa kilichotoka kiwandani kinaitosheleza, na fundi wa Kalibo hubaki akiwategemea maharusi na matajiri.

Zaidi ya hayo kuna adui wa sokoni. Nguo za mitumba, ambazo Wafilipino huziita ukay-ukay, zimepigwa marufuku kuingizwa kwa biashara tangu mwaka 1966, na bado zimetundikwa katika kila mji, kama zilivyo kwetu katika masoko ya Gikomba na Karume. Na baya kuliko mitumba ni vitambaa vilivyochapwa kwa mashine michoro ya makabila na kuuzwa kwa majina yao, ambavyo mnunuzi asiye na tajriba havitambui, na mwenye mchoro hapati kitu.

Dhuluma hii inauma zaidi huko Lake Sebu, Mindanao, kwa watu wa kabila la Watboli, ambao kitambaa chao cha abaka, t'nalak, hutokana na michoro ambayo wafumaji husema wameoteshwa. Nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, nyeusi ya majani ya mti wa k'nalum na nyekundu ya mizizi ya loko, na kazi moja huchukua miezi. Kwa mila yao kitambaa hicho hakikatwi ovyo, kwani hukhofiwa kuleta maradhi. Nao wafanyabiashara wa mjini wanakitaka kipande kipande, kwa mikoba na viatu. Lang Dulay, mfumaji wao aliyehifadhi kichwani michoro ipatayo 100, alitunukiwa mwaka 1998 heshima ya Manlilikha ng Bayan, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 pamoja na posho ya maisha kwa sharti la kufundisha vijana, akafundisha hadi alipofariki mwaka 2015. Naiona heshima hiyo kuwa mpango bora kuliko yote niliyoitaja, kwa sababu inamlipa mwalimu, na mwalimu huzaa mafundi.

Abaka yenyewe, mmea wa jamii ya mgomba, ina uhusiano na sisi ambao wengi wameusahau. Kamba zake, zilizojulikana duniani kwa jina la Manila, zilishindana na mkonge wa Tanga. Na Wajapani walipoviteka visiwa vile katika Vita Kuu ya Pili, mataifa ya Muungano yaliugeukia mkonge wa Tanganyika. Baadaye nailoni ikazipiga zote mbili. Tofauti ni kwamba Ufilipino haikuacha: hata leo abaka iliyo nyingi duniani hutoka kwake, ikaingia katika karatasi za noti na vifuko vya majani ya chai, ingawa tufani, kama ile iliyokipiga kisiwa cha Catanduanes Novemba 2020, huangusha mashamba ambayo huchukua karibu miaka miwili kuvunwa tena.

Hivi sasa huko Miagao, katika jimbo lile lile la Iloilo alilofikia Loney, taasisi ya serikali ya utafiti wa nguo imesimamisha mtambo wa kusokota uzi wa nyuzi za asili, ili wafumaji wa hablon, kitambaa cha mkoa huo, wasiutegemee uzi wa kuagizwa. Hatua hiyo ni ya akili, maana inaanza chini, kwenye uzi. Wenye madaraka ya utamaduni Ufilipino wangefanya vyema kuifuata njia hiyo hata Kalibo: waweke bei ya haki ya uzi uliofungwa kwa mkono, wawape wapara majani na wafunga nyuzi posho na nishani kama wanavyowapa wafumaji, na sheria ya mwaka 2004 itenge fungu la sare, japo za wakubwa peke yao, litoke kwenye vitanda vya mkono.