Saturn: gari la Marekani lililouzwa bila cha juu

Anayekwenda kununua gari mkononi hapa Mombasa anajua mambo yatakavyokuwa. Bei utakayotajiwa leo siyo aliyotajiwa mwenzako jana. Dalali ana cha juu chake, na aliyekupeleka kwa dalali naye ana chake. Ukivaa vizuri bei inapanda. Ukienda na mkeo akalipenda gari kwa sauti, basi hapo tena umekwisha. Tumezoea hivyo, na wengi wetu tunaamini kwamba biashara ya magari haiwezi kwenda njia nyingine.

Ilikuwepo kampuni moja Marekani iliyojaribu njia nyingine, ikafaulu kwa muda, kisha ikafa. Jina lake ni Saturn. Leo nataka nikueleze, msomaji wangu, ilivyozaliwa, waliomiliki magari yake waliona nini, na kwa nini haipo tena. Kisa hiki kinamhusu kila mtu anayeuza kitu na kila mtu anayenunua.

Sidhani kama umewahi kuiona Saturn barabarani kwetu. Mimi sijaiona hata moja. Karibu zote zilitengenezwa na usukani wa kushoto, na Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Mwaka 1997 walianza kupeleka Japani yenye usukani wa kulia, lakini haikuuzika sana na baada ya miaka michache wakaondoka. Laiti ingeshika soko huko, huenda ingeteremka bandarini kwetu pamoja na Toyota na Nissan. Lakini mama yake tunamjua. Saturn ilikuwa mtoto wa General Motors, kampuni ileile iliyokuwa ikiunganisha malori na pikapu za Isuzu jijini Nairobi hadi ilipouza hisa zake mwaka 2017.

Ilivyoanza

Miaka ya sabini na themanini Wamarekani waligeukia magari madogo ya Kijapani. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, na Toyota na Honda zilikuwa hazisumbui. General Motors ilikuwa kubwa kuliko zote, lakini magari yake madogo yalikuwa na sifa mbaya. Mwenyekiti wake, Roger Smith, akatangaza Januari 1985 kwamba wataanzisha kampuni mpya kabisa, yenye kiwanda chake, injini yake na maduka yake. Jina la Saturn lilitokana na roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini.

Kiwanda kilijengwa Spring Hill, mji mdogo wa jimbo la Tennessee, kusini ya Nashville, mbali na Detroit na desturi zake. Waliandikiana mkataba wa peke yake na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Wafanyakazi waligawanywa katika vikundi vilivyojiamulia mambo mengi ya kazi, na sehemu ya malipo yao ilitegemea ubora na mafanikio ya kampuni. Julai 30, 1990, Smith na rais wa chama, Owen Bieber, walilitoa gari la kwanza kiwandani wakiwa ndani yake. Siku ya pili yake Smith akastaafu. Jambo hilo liweke akilini, nitalirudia.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida: injini ya lita 1.9, silinda nne, halikuwa na mbio za ajabu, na ndani lilikuwa na kelele kidogo. Jipya lake lilikuwa bodi. Bonneti, paa na buti vilikuwa chuma, lakini milango, madigadi na bampa vilikuwa plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma. Ukiigonga kidogo inaingia ndani kisha inarudi yenyewe. Na haishiki kutu. Sisi tunaoishi na upepo wa chumvi, tunaoona milango ya gari ikiliwa kuanzia chini, tunaweza kuelewa raha hiyo. Wamarekani wa kaskazini nao wana chumvi yao, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Bei moja

Saturn iliandika bei kwenye gari na bei hiyo ndiyo uliyolipa. Daktari, mwalimu, mjane, mgeni asiyejua Kiingereza vizuri, wote walilipa sawa. Wauzaji katika maduka mengi walilipwa mshahara badala ya kamisheni, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kukusukuma ununue kubwa kuliko uwezo wako.

Huenda ukauliza, mbona wenye maduka hawakupigana vikumbo kwa kushusha bei? Jibu ni kwamba kila wakala alipewa eneo pana peke yake. Hakukuwa na Saturn nyingine mtaa wa pili wa kumnyang'anya mteja kwa kupunguza dola mia. Uaminifu wao haukutegemea tabia njema peke yake. Walipanga biashara kwa namna ambayo muuzaji hana faida ya kudanganya. Hilo kwangu ndilo somo kubwa. Sisi huhubiriana sana juu ya uaminifu sokoni, lakini tunamwacha dalali ale kutokana na tofauti ya bei peke yake, kisha tunashangaa akitudanganya.

Shemeji yangu mmoja aliishi Ohio miaka mingi na alinunua Saturn ya 1997 ikiwa mpya. Aliniambia kwamba alikwenda akiwa amejiandaa kwa vita, ana hesabu zake kwenye karatasi, na hakuna aliyempa nafasi ya kupigana. Alipokabidhiwa ufunguo, wafanyakazi wa duka waliacha kazi zao, wakamzunguka, wakampigia makofi. Hiyo ilikuwa ada yao kwa kila mteja. Alisema aliona haya, lakini alifurahi. Na siku moja kigari cha dukani cha kubebea bidhaa kiliteremka mteremko kikagonga mlango wake, akakimbilia akidhani ameharibikiwa, akakuta mlango umerudi kama ulivyokuwa.

Walipokosea

Kampuni huijua siku ya makosa. Mwaka 1991, Saturn ikiwa changa bado, iligundulika kwamba zaidi ya magari 1,800 yalitiwa maji ya rejeta yenye kasoro kutoka kwa msambazaji, na yangeweza kuharibu injini. Kawaida ungeitwa ukabadilishiwe kipande. Saturn iliwapa wenyewe magari mapya, na yale ya zamani yakaharibiwa. Mwaka 1993 yakaitwa tena, safari hii zaidi ya 350,000, kwa sababu ya nyaya zilizoweza kushika moto. Maduka mengi yaligeuza shughuli ile kuwa kama karamu: unaletewa nyama choma huku gari lako linatengenezwa.

Mwaka 1994 kampuni iliwaalika wenye magari waje Spring Hill kuona yalikotengenezwa. Walikuja watu wapatao 44,000. Walitumia likizo zao na watoto wao kwenda kutembelea kiwanda cha gari la bei nafuu. Mwaka huohuo waliuza zaidi ya magari 280,000 Marekani, na hawakuwahi kupita hapo tena.

Yaliyowaudhi wamiliki

Sitaki udhani kwamba ilikuwa gari isiyo na dosari. Lililolalamikiwa kuliko yote ni kula oili. Katika injini nyingi za miaka ya tisini, ringi za pistoni ziliganda kwa masizi, na oili ikawa inapanda juu na kuungua. Aliyekuwa na desturi ya kuchomoa kijiti na kupima oili kila wiki aliendesha maili laki mbili bila tabu. Aliyengoja taa nyekundu iwake alichelewa, kwa sababu taa ile huwaka presha ikishaanguka. Hili ni funzo kwa gari lolote kuukuu, hata Probox yako.

Pia nafasi kati ya mlango na mlango zilikuwa pana, maana plastiki hutanuka kwa joto, na wengine waliona bodi inafanana na kitu kisichofungwa sawasawa. Na chini ya plastiki hiyo fremu ilikuwa chuma, kwa hiyo gari lingeweza kung'aa nje huku chini linaliwa. Baadaye likaja VUE, gari refu la familia, na baadhi yake zilikuwa na giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida. Giaboksi hizo zilikufa mapema kiasi kwamba General Motors ililazimika kurefusha dhamana yake.

Kwa nini ilikufa

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hapa aliyetia maji hakuwa mgema, alikuwa mwenye shamba.

Smith alipoondoka, waliomfuata General Motors hawakuwa na mapenzi yaleyale. Mabilioni ya dola yalikuwa yameingia Spring Hill na faida ilikuwa ndogo, huku ndugu zake, Chevrolet na wengine, wakinung'unika kwamba mtoto mdogo anapendelewa. Basi wakamnyima. Kwa karibu miaka kumi mteja wa Saturn hakuwa na gari jingine la kuhamia. Aliyenunua akiwa kijana akaoa, akapata watoto watatu, akarudi dukani alikopendwa, akakuta ni gari lilelile dogo. Akashukuru, akaenda kwa Honda. Gari kubwa zaidi lilikuja mwaka 1999, tena likiwa limetokana na Opel ya Ujerumani na kutengenezwa jimbo jingine.

Taratibu vile vilivyoifanya Saturn kuwa Saturn viliondolewa kimoja kimoja. Mkataba wa peke yake wa wafanyakazi ukafutwa. Milango ya plastiki ikaachwa. Mwaka 2007 Spring Hill ikaacha kutengeneza Saturn. La ajabu ni kwamba magari ya mwishoni yalikuwa mazuri kuliko ya mwanzo, na Aura ilipata tuzo ya Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini 2007. Lakini wale walioijaza Spring Hill mwaka 1994 walikuwa wameshatawanyika.

Juni 2009 General Motors ilifilisika ikaenda kuomba kinga ya mahakama. Mfanyabiashara Roger Penske alikubali kuinunua Saturn, mawakala wakapumua. Alihitaji kampuni ya kumtengenezea magari baada ya General Motors kuacha, na Renault ya Ufaransa ikakataa. Septemba 30 akajitoa. Maduka yakaanza kufungwa, na Oktoba 2010 jina likazikwa.

Wenye magari hawakuachwa kabisa. Huduma na dhamana zilihamishiwa kwa mawakala wa Chevrolet na ndugu zake. Lakini madhara nayo yalibaki. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba swichi ya ufunguo katika baadhi ya magari ya General Motors, Saturn Ion ikiwemo, iliweza kujizima njiani na kufanya mifuko ya hewa isifunguke. Vifo 124 katika aina mbalimbali za magari hayo vilikubaliwa kulipwa fidia, na ilijulikana kwamba ndani ya kampuni wapo waliolijua tatizo miaka mingi kabla. Linganisha na yale maji ya rejeta ya 1991. Kampuni ni ileile, lakini moyo wa kukiri kosa ulikuwa umetoka.

Tunalojifunza

Tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saturn inatuonyesha upande mwingine: hata kitu cha kawaida kitapendwa ukikiuza kwa heshima. Na inatuonyesha kwamba heshima hiyo inalishwa kila mwaka, la sivyo inakauka.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuchukua mkopo wa sako kununua gari la biashara, usiulize bei na kilomita pekee, maana kilomita hurudishwa nyuma. Uliza anayekuuzia anakula wapi: kwenye mshahara au kwenye cha juu? Uliza likiharibika wiki ya pili utampata wapi, na umwambie akuandikie. Uliza spea zitapatikana vipi chapa ikiondoka nchini. Na wewe mwenye yadi, jaribu kuandika bei moja kwenye kioo kwa miezi mitatu, umlipe kijana wako mshahara, uone ni wateja wangapi watarudi na ndugu zao.