Kadiri ya Mzigo: Safari ya Mtumbwi katika Pori la Maziwa

Miongoni mwa safari ambazo binadamu wa zama hizi hujichagulia kwa hiari, bila ya kusukumwa na njaa wala biashara, ni chache zinazomfunza mtu elimu ya kadiri kama safari ya mtumbwi katika pori la maziwa lililoko mpakani mwa Marekani na Kanada. Kwa maana huko hakuna barabara wala nyumba ya wageni, hakuna punda wala mpagazi wa kukodiwa, na kila atakachokula msafiri, atakachovaa na atakacholalia, pamoja na chombo chenyewe kinachomchukua, sharti kipite juu ya mabega yake. Wengi wetu tuliozoea kuona mtumbwi ukiwachukua watu hudhani kwamba taabu ya safari hiyo imo majini. La hasha: taabu yake imo nchi kavu, baina ya ziwa na ziwa, na makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini mambo yako hivyo, na kwa nini kiongozi mwema wa safari hizo hujulikana kwa vitu anavyokataa kuvichukua.

Pori lenyewe lina pande mbili zilizopakana. Upande wa Marekani, kaskazini-mashariki ya jimbo la Minnesota, ni Boundary Waters, lenye eneo la zaidi ya eka milioni 1 na maziwa yapitayo 1,100. Na upande wa Kanada, katika jimbo la Ontario, ni Quetico, iliyotengwa kuwa msitu wa akiba mwaka 1909 na kufanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1913. Asili ya wingi huu wa maziwa ni barafu. Mwamba wa nchi ile ni miongoni mwa miamba mikongwe ya dunia, mahali pengine ukiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu. Juu yake ilipita barafu nene, mara baada ya mara, ikiukwangua udongo na kuyachimba mabonde pale mwamba ulipokuwa dhaifu, na ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mashimo mengi mno ambayo maji yaliyajaza. Kwa kuwa mwamba haunywi maji, na udongo ni haba, maji hujaa ziwani hata yakafurika, yakamwagika kwa maporomoko mafupi katika ziwa la chini yake, na hivyo hivyo hata mengi yao yakafika Ghuba ya Hudson huko kaskazini. Maumbile hayo ndiyo yaliyozaa safari ya namna hii: msafiri huvuka ziwa, hufika penye ukingo wa mwamba au maporomoko yasiyopitika kwa chombo, hushuka, hubeba, kisha hushua tena mtumbwi wake katika ziwa la pili.

Wenyeji wa nchi hiyo, watu wa kabila la Ojibwe, ambao wenyewe hujiita Anishinaabe, waliunda chombo kilichoafikiana na maumbile hayo tangu zamani. Walibambua gome la mti mweupe wa nchi za baridi likiwa pande moja pana, wakalitia mataruma membamba ya mwerezi kwa ndani, wakalishona kwa mizizi ya miti ya jamii ya misonobari, kisha wakakalafati mishono kwa ulimbo uliochanganywa na mafuta ya wanyama. Wakapata chombo ambacho mtu mmoja au wawili waliweza kukiinua, na ambacho kikitoboka mwambani, dawa yake ilikuwa imo msituni pale pale. Wazungu walipoingia kutafuta ngozi za mnyama aitwaye biva, zilizotakiwa mno Ulaya kwa kutengenezea kofia, hawakuwa na chombo bora kuliko hicho. Walikiiga na kukikuza, hata mitumbwi iliyotoka Montreal ikafikia urefu wa mita 11. Wachukuzi wao, walioitwa voyageurs, walibeba aghalabu marobota mawili kwa mara moja, kila robota ratili 90, yaani kilo 41. Na njia ya Grand Portage, itokayo Ziwa Superior na kuyazunguka maporomoko ya mto Pigeon, ina maili 8 na nusu. Msomaji wa Afrika Mashariki atawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliotoka Tabora hata Bagamoyo na mzigo wa frasila mbili kila mtu, yaani ratili 70 hivi. Tofauti ni kwamba mpagazi wetu alitembea na mzigo wake siku baada ya siku kwa miezi, ilhali mwenzake wa kaskazini alibeba zaidi ya mara mbili ya huo kwa mwendo mfupi, kisha maji yakampokea. Njia hizi za kubebea zilikuwa na umuhimu mkubwa hata mkataba wa mwaka 1842 baina ya Marekani na Uingereza, uliokata mpaka katika maziwa hayo, ulitamka kwamba zitakuwa wazi kwa raia wa pande zote mbili.

Mtumbwi wa leo una urefu wa mita 5 hivi. Ule wa alumini una uzito wa zaidi ya kilo 30. Ule wa nyuzi za Kevlar waweza kushuka hata kilo 20, lakini hautaki kuburutwa juu ya mawe, na kwa hiyo wasafiri hushuka majini yakiwa yawafika magotini, wakauinua mzigo wote kabla chombo hakijagusa mwamba. Watu wawili huupiga kafi, mmoja omo na mmoja tezi. Wa omo ndiye nguvu, naye ndiye jicho la kuona miamba iliyojificha chini ya maji. Wa tezi ndiye usukani. Na hapa pana hekima ya mwendo ambayo mwanafunzi hujifunza siku ya kwanza: kafi ya tezini, ikivutwa upande wa kuume, huusukuma mtumbwi mbele, lakini huupindua pia kuelekea kushoto, kwa kuwa nguvu yake haipiti katikati ya chombo. Mpiga kafi asiyejua hubadili upande kila mara, akachoka, na chombo chake kikaenda mrama. Ajuaye huumalizia mkupuo wake kwa kuuzungusha mkono wa juu, kidole gumba kikaelekea chini, na kuusukuma ubapa wa kafi nje kidogo, mbali na ubavu. Kwa tendo hilo dogo chombo hurudi katika mstari wake, na siku nzima haina haja ya kubadili upande ila kwa kupumzisha bega.

Lakini kafi ni nusu ya amali, na nusu iliyo nyepesi. Katika ramani za nchi ile njia za kubebea hupimwa kwa kipimo cha kale cha Kiingereza kiitwacho rodi, chenye futi 16 na nusu, karibu mita 5, ambazo ni kama urefu wa mtumbwi wenyewe. Mbebaji husimama kando ya chombo, hukivuta hata kikaegemea mapaja yake, hushika ukingo wa mbali kwa mkono mmoja na wa karibu kwa mkono wa pili, kisha kwa msukumo wa goti hukipindua juu ya kichwa, nira ya katikati ikamkalia mabegani; akaenda hivyo, haoni mbele yake ila hatua chache za mawe na mizizi. Mwenzake hubeba mikoba ya turubali yenye hema, vyakula na matandiko.

Na sasa tufanye hesabu, kwa maana hapa ndipo siri ya safari yote ilipo. Njia ya rodi 100 ni mita 500. Wasafiri wanaoweza kubeba vitu vyao vyote kwa mara moja hutembea mita 500 na kazi imekwisha. Wakiwa na mkoba mmoja tu uliozidi, itawabidi waende, warudi mikono mitupu, waende tena: mita 500 zimekuwa 1,500. Katika siku yenye njia tano za kadiri hiyo, wa kwanza ametembea kilomita 2 na nusu, na wa pili kilomita 7 na nusu, naye amefika kambini giza likiingia, hana nguvu ya kuvua samaki wala ya kuutazama uzuri alioufuata. Kiti cha kukunja, sufuria ya tatu, jozi ya nne ya nguo: hakuna hata kimoja kilicho kizito peke yake, lakini vyote pamoja huwa ule mkoba uliozidi. Ndiyo maana kiongozi mzoefu huimimina mikoba ya wageni sakafuni kabla ya safari, akaichambua kitu kwa kitu mbele yao, kwa upole lakini bila ya muhali.

Kambini mambo ni yale yale ya kadiri. Upande wa Boundary Waters kuna mahali zaidi ya 2,000 palipowekwa kwa ajili ya kupiga kambi, kila pahali pana wavu wa chuma wa kuwashia moto na choo cha shimo nyuma ya miti, wala kwa kawaida hairuhusiwi kulala pengine. Kuni ni matawi makavu yaliyoanguka. Mti ulio hai haukatwi. Vyombo na mwili havioshwi ziwani hata kwa sabuni iliyosifiwa kuwa haina madhara, bali maji huchotwa na kupelekwa mbali na ufuo, yakamwagwa udongoni. Maji ya kunywa huchemshwa au kuchujwa, kwani uangavu wake si dhamana ya usafi. Chakula huningʼinizwa usiku kwa kamba, zaidi ya mita 3 kutoka ardhini na mbali na shina, kwa sababu ya dubu weusi. Na tahadhari hiyo haimhifadhi mgeni peke yake, kwa maana dubu aliyeonja chakula cha watu huzoea kuwaendea, na mazoea hayo mwishowe humgharimu uhai yeye mwenyewe.

Hatari kubwa kuliko dubu ni upepo, radi na baridi ya maji. Ziwa pana lililolala asubuhi laweza kuchafuka adhuhuri, na mtumbwi ulioshiba mzigo hauhimili mawimbi ya ubavuni. Kwa hiyo kiongozi huwaamsha watu alfajiri, huvuka maziwa makubwa kabla upepo haujaamka, hufuata ufuo ijapokuwa njia ya katikati ni fupi, na ngurumo ikisikika hutoka majini mara moja. Mwezi wa Mei, barafu ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka, mtu aliyepinduka hupoteza nguvu za mikono kwa muda mfupi mno, hata awe mwogeleaji hodari, na koti la kuelea alilolivua kwa kuona joto halitamfaa kitu likiwa mkobani. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba moja iliangusha miti kwa mamilioni katika pori hilo. Kiongozi aliyesema siku kama hiyo kwamba leo hatusafiri, hakumnyima mgeni haki yake. Alimpa ile aliyomlipia.

Pori hili halikubaki hivi kwa bahati. Mwaka 1949 Rais Truman wa Marekani alipiga marufuku ndege kuruka juu yake chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa ndege za kutua majini zilikuwa zikiwashusha watu katika maziwa ya ndani kabisa. Sheria ya mwaka 1964 ililiingiza katika mapori yahifadhiwayo na taifa, na sheria ya mwaka 1978 iliondoa mashine za boti katika sehemu kubwa ya maziwa yake na kukomesha ukataji wa magogo. Miongoni mwa waliolipigania alikuwamo Sigurd Olson, aliyezaliwa mwaka 1899, mwalimu na kiongozi wa mitumbwi katika mji wa Ely, ambaye aliingia katika utetezi akiwa na ujuzi wa mabega yake mwenyewe. Nao Waojibwe, kwa mkataba wa mwaka 1854, walihifadhi haki yao ya kuwinda, kuvua na kuvuna katika ardhi waliyoitoa. Mpunga wa mwitu bado huvunwa kwa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa pondo na mwingine akizipukusa punje kwa vijiti viwili, na zile zinazodondoka majini huwa mbegu ya mwaka ujao.

Leo kundi moja haliruhusiwi kupita watu 9 na mitumbwi 4, na tangu Mei hata Septemba idadi ya makundi yanayoingia kila siku katika kila lango ina kikomo. Chupa za kioo na makopo ya vyakula hayaingii. Wako wanaonungʼunika kwamba amri hizi zinaupunguza uhuru wa msafiri. Mimi naona kinyume chake: uhuru wa kupiga kafi siku nzima bila ya kusikia mashine, na wa kufika kambini ukapakuta safi, umeletwa na kikomo alichokubali kila aliyetangulia, kama vile wepesi wa njia ya kubebea ulivyoletwa na vitu vilivyoachwa nyumbani. Basi anayetaka safari ya namna hii, iwe huko au katika ziwa lolote lenye pori lililosalimika, asimuulize kiongozi kwanza atamwonyesha nini. Amuulize atamkataza nini, na kwa sababu gani. Mwenye majibu ya swali hilo, yaliyo wazi na yenye hoja, ndiye anayestahili kukabidhiwa tezi.