Baridi Haimwingii Mtu
Asubuhi za Julai huko Kianjai, Meru, utawasikia wanafunzi wakisema baridi imewaingia. Hapa lugha yatupotosha: baridi haiingii, bali joto ndilo litokalo. Mwili hulinda joto lake, nyuzi 37 hivi za Selsiasi, kwa kubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Joto likizidi kupotea, misuli hutetemeka, ikiunguza chakula ili kulizalisha upya. Sweta nalo halina joto lake lenyewe. Huizuia tu hewa iliyokwisha kupashwa moto na mwili isitoroke.

Basi, mwalimu mwenzangu, mtoto atetemekaye darasani si mtundu. Kabla ya kumvua sweta eti rangi yake si ya sare, muulize kwanza kama amekunywa uji.