Kompyuta kuukuu: Fungua kifuniko kabla ya kulipa

WANUNUZI wengi wa kompyuta kuukuu za kubeba hukagua kioo, wakabonyeza vitufe viwili vitatu, kisha wakalipa. Chini ya mashine hawatazami, na huko ndiko pesa hupotea.

Mfano mzuri ni TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa na Tandy ya Marekani kuanzia 1983. Ile ya kilobaiti 8 ilikuwa dola 1,099. Kilobaiti 8 ni kurasa chache za maandishi, na hata ikiongezwa hadi 32, programu kubwa ya mahesabu ingemeza nafasi ya mwenye mali. Ndiyo sababu ya kile kifuniko kidogo chini yake, chenye soketi moja ya chipu ya ROM. Chipu ya kilobaiti 32 ikipachikwa hapo, programu husomwa humo humo na mafaili hubaki na nafasi yake. Huamshwa kwa amri ya BASIC: CALL 63012. Lucid, programu ya majedwali ya hesabu, iliuzwa kwa namna hiyo. Kwa mtu wa vitabu vya hesabu, mashine isiyo nayo ni taipureta ya bei kubwa.

Mtego uko kwenye soketi yenyewe. Ina miguu 28, sawasawa na EPROM ya 27C256 iliyozoeleka madukani, lakini mpangilio wa miguu si ule. Chipu ya kawaida haisomeki bila kibao cha kuigeuza, hata programu iliyoandikwa ndani iwe sahihi. Tena soketi hudai kibebeo chake cha plastiki, kitu kidogo ambacho hupotea upesi.

Cambridge Z88, iliyotangazwa 1987, ilirahisisha: matundu matatu mbele, katriji huingizwa kwa mkono. Gharama ilijificha kwingine. Faili lililofutwa kwenye katriji ya EPROM halirudishi nafasi, mpaka katriji nzima isafishwe kwa taa ya miale ya urujuanimno.

ROM haihitaji umeme ili kukumbuka. Mafaili ya Model 100 hutegemea betri ya nikeli-kadimi iliyochomelewa ndani, ambayo ikizeeka huvuja na kula njia za shaba. Muuzaji anayedai Lucid imo afungue kifuniko kwanza, kisha aichukue bisibisi afungue na mwili wote.